Kirusi Kilichochopekwa: Kuku, Maabara na Deni la Wanakiswahili

Umbali wa kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi bewa la Chiromo hautimizi mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mwanafunzi wa Kiswahili akitoka katika ukumbi wa mihadhara kandokando ya Barabara ya Harry Thuku na kufika Museum Hill penye Makumbusho ya Taifa, huwa amekaribia kabisa maabara ambamo chembe hai hukatwa, hupakwa rangi na kuchunguzwa kwa hadubini. Akiabiri matatu na kuifuata Barabara ya Waiyaki, akapita Westlands, Kangemi na Uthiru, atafika Kabete kwenye bewa la matibabu ya mifugo na, si mbali na hapo, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, maarufu kama ILRI. Hata hivyo ni nadra mno mwanafunzi huyo kuifunga safari hiyo kwa ajili ya masomo yake. Hupita njia hiyo akienda nyumbani, kitabu cha uhakiki kwapani, na maabara humpita dirishani kama mabango ya biashara.

Barabara hiyo ina historia ambayo wapenzi wa Kiswahili wangepaswa kuionea fahari na haya kwa wakati mmoja. Maabara ya utafiti wa mifugo ya Kabete ilianzishwa mwaka 1910. Ni kutokana na kazi iliyofanyika huko ndipo Montgomery alipochapisha, mwaka 1921, maelezo ya kwanza ya homa ya nguruwe ya Kiafrika. Muguga, mbele kidogo ya Kikuyu, ndiko Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo ya sotoka kwa kukikuza kirusi chake ndani ya seli za figo za ndama. Chanjo hiyo ilimpatia Plowright Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kuwa imetokomezwa ulimwenguni. Ni vigumu kutaja eneo jingine katika Afrika ya Mashariki ambako virusi vya wanyama vimechunguzwa kwa muda mrefu kiasi hicho. Katika miaka yote hiyo Kiswahili kilitumika zizini. Kiingereza kikatumika katika ripoti. Hali ni hiyo hiyo hadi leo.

Makala haya yanachukua mfano mmoja kutoka taaluma hiyo, yaani upimaji wa DNA ya retrovirusi iliyochopekwa katika jenomu ya seli za ndege, ili kuuliza swali ambalo wanakiswahili wa Nairobi wamelikwepa: je, ni nani anayepaswa kuyaandika mambo kama haya kwa Kiswahili, na kwa nini hayaandikwi? Mfano wenyewe haukuteuliwa kwa kuwa ni mwepesi. Umeteuliwa kwa sababu neno moja likikosewa ndani yake, elimu hugeuka kuwa uvumi.

Retrovirusi ni kirusi ambacho hubeba maagizo yake ya urithi katika RNA. Kikishaingia ndani ya seli, kimeng'enya chake kimoja huyanakili maagizo hayo kinyumenyume, kutoka RNA hadi DNA. Kimeng'enya cha pili huukata uzi wa DNA ya mwenyeji na kuichopeka nakala hiyo mahali palipokatwa. Tangu hapo seli haibagui kilicho chake na kilicho cha mgeni. Ikigawanyika, huvinakili vyote viwili. Nakala hiyo iliyokwisha kutulia ndani ya DNA ya seli ndiyo inayoitwa provirusi.

Elimu hii ilianzia kwa kuku. Mwaka 1909 mfugaji mmoja alimpelekea Peyton Rous, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, kuku mwenye uvimbe mkubwa kifuani. Rous aliusaga uvimbe huo, akauchuja hata isibaki seli hata moja, kisha akawadunga kuku wengine maji yaliyochujwa. Nao wakaota uvimbe. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1911, lakini wazo kwamba kirusi kinaweza kusababisha saratani halikuwaingia wenzake akilini. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1966, akiwa mzee wa miaka 87.

Aliyefuata ni Howard Temin wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye mwaka 1964 alidai kwamba kirusi cha Rous, ingawa ni cha RNA, hujihifadhi ndani ya seli ya kuku kwa umbo la DNA. Wengi walimwona kama mtu aliyepotoka, maana iliaminika kwamba habari za urithi hutoka DNA kwenda RNA wala hazirudi nyuma. Ushahidi wake nao ulikuwa hafifu. Alichofanya ni hiki: nyuzi mbili za urithi zenye mpangilio unaooana hushikana zikikutanishwa, kwa hivyo aliichukua RNA ya kirusi yenye alama ya mnururisho, akaikutanisha na DNA ya seli zilizoambukizwa na ya seli zisizoambukizwa, akapima kiasi kilichoshikana. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo mno, na wengi wakaidhania kuwa ni dosari ya jaribio. Ushindi ulipatikana mwaka 1970, Temin na Mizutani kwa upande mmoja, na David Baltimore kwa upande mwingine, walipokigundua kimeng'enya kinachonakili kinyumenyume. Mwaka 1975 Temin na Baltimore walituzwa Nobel pamoja na Renato Dulbecco.

Mbona kipimo cha Temin kilikuwa hafifu hivyo? Sababu mojawapo, iliyobainika baadaye, ndiyo kiini cha mjadala huu. Kuku mzima, asiye na ugonjwa wowote, tayari ana ndani ya DNA yake vipande vya virusi vya jamii hiyo hiyo ya kirusi cha Rous. Hakuambukizwa na yeyote. Alivirithi kwa jogoo na mtetea waliomzaa, nao wakavirithi kwa wazazi wao. Robin Weiss, mmoja wa waliolifumbua fumbo hilo, alifika hadi Malaysia kuwachunguza kuku-mwitu wekundu, jamii ambayo kuku wa nyumbani ametokana nayo, akakuta hata wao wanao urithi huo. Jenomu ya kuku-mwitu huyo ilipochapishwa Desemba 2004, ikiwa na takriban jozi bilioni moja za herufi za urithi, njia ilifunguka ya kukadiria ukubwa wa urithi wenyewe: katika kuku ni kiasi cha asilimia tatu ya jenomu, na katika binadamu ni kama asilimia nane. Baadhi ya vipande hivyo vina athari ya kuonekana kwa macho. Buluu ya mayai ya kuku wa Araucana wa Chile, kama ilivyobainishwa mwaka 2013, inatokana na kipande cha retrovirusi kilichochopekwa karibu na jeni fulani. Jogoo wa aina ya Sebright huota manyoya ya mtetea kwa sababu ya namna hiyo hiyo.

Basi mpimaji aliyetaka kujua kama kirusi kimechopekwa katika seli alikuwa kama mtu anayetafuta maji yaliyomwagwa juu ya sakafu iliyolowa. Suluhisho la kwanza lilikuwa kubadilisha sakafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Harold Varmus, Michael Bishop na wenzao wa San Francisco waligeukia seli za bata, ambazo hazina mipangilio ya urithi inayofanana na ya kirusi cha Rous. Bata akiambukizwa, chochote kinachoonekana ni kipya. Likabaki swali la pili, nalo ni gumu zaidi: DNA ya kirusi imeonekana ndani ya seli, sawa, lakini je, imechopekwa kwenye DNA ya mwenyeji au inaelea tu pembeni yake? Hapa mbinu iliyotumiwa inapendeza hata kuisimulia. Nyuzi ndefu za DNA ya seli, zikitenganishwa na kuachwa zishikane upya kwa muda mfupi, hushikana hapa na pale na kufanya wavu. Wavu huo ukizungushwa kwa kasi katika mashine huzama chini. Vipande vifupi vinavyoelea peke yake hubaki juu majini. DNA ya kirusi ikizama pamoja na wavu, ni dalili kwamba imefungamana nao.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa PCR, mbinu ya kukirudufisha kipande cha DNA mara nyingi kwa kutumia vianzio viwili, kimoja kila upande wa kipande kinachotafutwa. Katika jenomu ya kuku kuna mfuatano unaojirudia uitwao CR1, ambao nakala zake, nyingi zikiwa vipande tu, zinapindukia 200,000. Umetapakaa kotekote, hata popote kirusi kitakapochopekwa ni aghalabu CR1 iwe jirani. Mpimaji huweka kianzio kimoja ndani ya kirusi na kingine ndani ya CR1. DNA ya kirusi inayoelea peke yake haina CR1 ubavuni, kwa hivyo hairudufiki kwa wingi. Iliyochopekwa hurudufika, kwa kuwa kianzio kimoja kimeshika upande wa mgeni na kingine upande wa mwenyeji. Kipimo hicho hakihesabu kila provirusi. Nyingine huangukia mbali mno na CR1, au huielekea upande usiofaa. Ndiyo maana matokeo hulinganishwa na seli ambazo idadi ya provirusi zake inajulikana, na pia na jeni ya kuku yenyewe iliyo na nakala mbili katika kila seli, ili ipatikane idadi kwa seli moja. Kwa maneno mengine, mpimaji hukadiria. Na anapokadiria husema kwamba amekadiria.

Mwanafunzi wa fasihi akiyasoma haya asijione mgeni. Aliyewahi kuzisoma tendi za kale kwa makini anajua kwamba miswada ya utungo mmoja haikubaliani. Idadi ya beti za Al-Inkishafi hutofautiana baina ya mswada na mswada, na wahariri wamekuwa wakibishana ni ubeti upi wa mtunzi na upi ulitiwa na mnakili. Muhammad Kijumwa wa Lamu alinakili tungo nyingi kwa mkono wake, na mhakiki anayepokea nakala ya aina hiyo hulazimika kuuliza: kama kuna ubeti wa ziada, uliingia wakati gani? Ubeti ulioandikwa kwenye kikaratasi na kupachikwa baina ya kurasa si sawa na ubeti ulionakiliwa ndani ya mfululizo wa beti nyingine kwa wino mmoja. Wa kwanza unaelea. Wa pili umechopekwa, na atakayeunakili mswada huo baadaye ataunakili pamoja na huo bila kujua. Ili kuthibitisha uchopekaji, mhakiki huchunguza kiungo: mshororo wa mwisho wa ubeti uliotangulia na mshororo wa kwanza wa ubeti unaotiliwa shaka. Hivyo ndivyo kianzio cha kirusi na kianzio cha CR1 vinavyofanya kazi. Haihitaji shahada ya biolojia kulielewa jambo hili. Linahitaji mtu aliyezoea kusoma maandiko kwa wivu.

Neno lenyewe, kuchopeka, limo tayari katika mihadhara ya fonolojia. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa uchopekaji wa vokali katika maneno ya mkopo, jinsi neno la Kiingereza lenye konsonanti mbili mwanzoni lilivyotiwa irabu likawa kilabu. Irabu hiyo haikuwamo katika neno la asili. Leo mtoto anayejifunza neno kilabu hairithi kama kiraka. Anairithi kama sehemu ya neno, na angeshangaa kuambiwa kwamba kuna kitu kilichotiwa. Ukilinganisha vitenzi vingine vinavyotumiwa kiholela mahali pake, ubora wa kuchopeka unadhihirika. Kujumuisha kunadokeza hiari na usawa wa pande mbili. Kuunganisha huacha mshono nje. Kupandikiza kunamhitaji mpandikizaji mwenye nia, kama daktari wa figo. Kuchanganya ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa kilichochanganywa hakina mahali maalumu, na provirusi ina mahali maalumu: katika kromosomu fulani, baina ya herufi fulani na fulani, na hapo ndipo itakapokutwa katika vizazi vyote vya seli hiyo. Wapo watakaopendelea neno jingine. Na wapendelee, mradi waliweke ndani ya sentensi na kuonyesha kwamba linahimili.

Pana jambo jingine dogo la kisarufi ambalo mpimaji hawezi kulikwepa. Magazeti na redio za Kenya zimezoea kusema virusi hata panapokusudiwa kimoja, na umoja wake, kirusi, umeanza kusikika kama kosa. Asiye na kazi ya kuhesabu anaweza kuvumilia. Mwenye kuandika kwamba kila seli ina kirusi kimoja kilichochopekwa na vingine vitatu vya kurithi anauhitaji umoja huo kama muuza nguo anavyohitaji futi. Lugha yenye kifaranga, tembe, pora, mtetea na jogoo kwa ndege mmoja haishindwi na umoja na wingi.

Sasa, ubaya wa kunyamaza uko wapi? Tuseme sentensi ifuatayo imewafikia abiria wa matatu ya Kangemi kupitia simu: chanjo ina virusi vya kuku vinavyosababisha saratani. Ni sentensi fupi, inabebeka, na imetungwa kwa vipande vya kweli. Chanjo ya homa ya manjano iliyotokana na kazi ya Max Theiler ya mwaka 1937, ambayo msafiri wa Kenya huitwa aonyeshe cheti chake mipakani, hutengenezwa ndani ya mayai ya kuku. Mwaka 1966 ilichapishwa habari kwamba baadhi ya shehena za chanjo hiyo zilikuwa na kirusi cha saratani ya damu ya kuku. Hayo ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 1972, uliowafuatilia wanajeshi wa Marekani waliochanjwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, haukukuta ongezeko la saratani. Na kwamba watengenezaji walihamia mayai ya kuku wasio na kirusi hicho. Katikati ya miaka ya 1990 kilipatikana kipimo chenye makali zaidi, nacho kikanasa dalili za kimeng'enya cha kunakili kinyumenyume katika chanjo zinazokuzwa kwenye seli za kuku, ikiwemo ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Chanzo chake kilikuwa ule urithi wa kale ulio ndani ya kila kuku. Damu ya watu waliochanjwa ilichunguzwa, na hakuna aliyekutwa ameambukizwa.

Tofauti kati ya uvumi na elimu hapa imo katika vitenzi vitatu: kuwa na, kurithi, kuambukizwa. Seli ya kuku inayo DNA ya kirusi, iliirithi, mtu aliyechanjwa hakuambukizwa. Kiswahili kinavyo vitenzi hivyo vyote na hakihitaji kuunda hata kimoja. Kinachokosekana ni ukurasa ambamo vimepangwa kwa utaratibu unaostahili, ukaandikwa na mtu anayejua uzito wa kila kimoja, kabla ya uvumi kufika. Uvumi hausubiri tafsiri.

Kenya ina kumbukumbu ya karibu ya jambo la aina hiyo. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakidungwa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ya Afya ilikanusha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF nayo yakasisitiza kwamba upimaji wa namna hiyo sharti ufanywe katika maabara inayofaa, kwa sampuli ya chanjo iliyotoka katika kifurushi kisichofunguliwa. Yaani ugomvi wote ulikuwa juu ya kipimo: kimepimwa nini, wapi, kwa chombo gani, na nambari iliyotoka ina maana gani. Ugomvi huo uliwahusu wanawake wa vijijini na mitaani ambao walitakiwa kuamua wapeleke mkono au wauzuie. Maelezo ya maana ya nambari hizo yalikuwamo katika taarifa za Kiingereza. Waliotakiwa kuamua walibakiwa na vichwa vya habari.

Wala si chanjo pekee. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida cha kingamwili, kwa kuwa kingamwili za mamaye hukaa katika damu yake hadi karibu miezi 18. Kwa hivyo huchomwa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara, na huko hutafutwa chembe za urithi za kirusi chenyewe, ikiwemo ile DNA iliyokwisha kuchopekwa ndani ya seli za mtoto. Ni elimu ile ile iliyozaliwa katika seli za kuku na bata. Mama anayesubiri majibu huambiwa habari hizo kwa Kiswahili, na muuguzi ambaye hakuwahi kusoma popote, kwa Kiswahili, kwa nini mtoto mwenye kingamwili anaweza kuwa hana kirusi. Muuguzi huyo hujibunia sentensi zake papo hapo. Wengine huzibuni vizuri ajabu. Haifai hata hivyo kuwaachia wao peke yao, bila msaada wowote wa wasomi wa lugha, kazi nzito kama hiyo.

Watetezi wa taaluma watasema kwamba kazi imefanywa. Watataja Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003. Ni kazi za kuheshimiwa, na bila hizo makala kama haya yangekosa hata neno kimeng'enya. Ila kamusi ya istilahi ni ghala tu. Istilahi hukaa humo bila kutumika hadi itiwe katika sentensi, na sentensi hazijaandikwa. Tasnifu zinazochambua uundaji wa istilahi zimekuwa nyingi katika idara za Kiswahili. Tasnifu zinazozitumia istilahi hizo kueleza jambo lolote ni za kutafuta kwa taa. Linganisha na yaliyotokea mwaka 2020. Neno barakoa lilikuwapo tangu zamani kwa maana ya kifuniko cha uso cha wanawake, likiishi kamusini zaidi kuliko midomoni. Ugonjwa ulipoingia, watangazaji walilitia katika taarifa za kila saa, na katika muda wa wiki chache kila kondakta akawa analo. Halikusambazwa na warsha wala azimio. Lilisambaa kwa sababu lilikuwa katika sentensi ambazo watu walizihitaji.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba kazi hiyo ni ya wanasayansi wenyewe. Hoja hii ina chembe ya haki, maana wanasayansi wengi waliosomea Kenya wamekisoma Kiswahili kwa lazima hadi kidato cha nne. Lakini mtafiti wa Kabete huajiriwa na kupandishwa cheo kwa makala yaliyochapishwa katika majarida ya kimataifa, na hakuna kamati inayomhesabia ukurasa wa Kiswahili. Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamifu mwaka 1971 katika anatomia ya mifugo na kufundisha katika chuo hiki hiki, alikuwa hodari wa kuisemesha sayansi kwa lugha za wanavijiji. Alifanya hivyo nje ya kazi ya maabara, akiwa katika harakati. Hoja dhaifu zaidi ni ile inayosikika katika idara za Kiswahili zenyewe: kwamba mwanafasihi hana biashara na kirusi. Mwanafasihi hufunzwa miaka mingi kutambua neno linalodanganya. Ujuzi huo haupaswi kuishia katika riwaya.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Tangu UNESCO iitenge tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa siku ya Kiswahili duniani, kila mwaka huwa na mashairi, ngoma na hotuba. Yote ni mema. Lakini yanagharimu fedha nyingi kuliko jambo moja ambalo vyuo vingeweza kulianza muhula ujao bila bajeti: kila tasnifu ya sayansi inayowekwa maktabani iwe na ikisiri ya Kiswahili, ukurasa mmoja, iliyoandikwa na mtafiti akishirikiana na mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, na mwanafunzi huyo ahesabiwe kazi hiyo katika alama zake kama anavyohesabiwa uhakiki wa diwani. Hapana haja ya kusubiri baraza wala kamati ya istilahi. Istilahi zitakazokosekana zitajitokeza zenyewe katika kuandika, na zitakazofaa zitaonekana kwa kufaa kwake.

Mwanzo unaweza kuwa tasnifu yoyote ya magonjwa ya kuku iliyomo katika maktaba ya Kabete. Mtafiti aisome ikisiri, mwanakiswahili aisome, kisha apewe mfugaji wa Kinoo au Uthiru mwenye mabanda yake ya kuku, aisome na kueleza kwa maneno yake alichokielewa. Akisema kwamba kuku wameambukizwa pale ambapo ikisiri ilikusudia kwamba wamerithi, ikisiri hiyo irudishwe na kuandikwa upya kabla ya kuchapishwa.